Anaposema "Niache, Uolewe Tena"

Mwezi huu nilikuwa nimepanga tuongee kuhusu wivu wa simu, maana meseji zenu juu ya namba za siri za waume zimejaa mpaka basi. Wivu utasubiri. Kuna ujumbe umenifikia kutoka Buhembe, pale Bukoba. Nimeusoma mara nne, na kila nikisema niuache naurudia.

Aliyeuandika ni dada wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Jina lake linabaki kwangu. Mumewe yuko mahabusu, wiki ya tisa sasa. Hakuiba, hakumpiga mtu. Alikuwa kwenye basi akienda Biharamulo ambako alikuwa amepata kazi ya kupiga lipu, basi likasimamishwa kizuizini na abiria wakaombwa vitambulisho. Yeye hakuwa nacho. Akaulizwa baba yake ni nani, babu yake alizikwa wapi. Angeweza kudanganya, kwa sababu Kihaya anakizungumza kuwashinda baadhi yetu tuliozaliwa nacho. Akasema ukweli kwamba babu alizikwa Muyinga, Burundi.

Hayo dada yetu alikuwa ameshayabeba. Kilichomvunja ni maneno aliyoambiwa na mumewe siku alipokwenda kumtembelea. "Usije tena. Niache, uolewe tena, bado una sura." Nyumbani nako kaka zake wameshaita kikao, wanasema mwanaume mwenyewe kakuruhusu, unangoja nini? Swali lake kwangu lilikuwa la mstari mmoja: dada mhariri, nimtii?

Nilimpigia usiku uleule. Wiki mbili baadaye nilikuwa Bukoba kwa shughuli ya kifamilia, nikachukua bodaboda hadi Buhembe, tukakaa uani kwake yeye akimenya ndizi huku anaongea. Niliyoyasikia nayaandika hapa kwa ruhusa yake, maana najua hayuko peke yake. Kagera ndio mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi kwa mpigo. Watu wameoana kuvuka mipaka hiyo tangu mipaka yenyewe haijachorwa. Ukichokonoa familia yoyote ya huku, hata zile zinazojidai sana, utakuta bibi mmoja aliyetoka ng'ambo.

Mwanaume huyu aliingia Tanzania akiwa na miaka saba, mkono umeshikwa na mama yake, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993 na Burundi kuwaka moto. Utoto wake ukaishia kambi ya Lukole, Ngara. Akiwa na miaka kumi na mitano alitoroka kambini akaenda Muleba kuchuma kahawa kwa vibarua. Kambi ilipofungwa mwaka 2008, wenzake wengine wakirudishwa Burundi na wengine wakihamishiwa Kigoma, yeye hakuwepo kwenye orodha wala kwenye lori. Alikuwa Muleba anajifunza uashi. Mwaka 2010 akahamia Buhembe, miaka miwili baadaye akaoa.

Kisha ukaja mwaka 2013. Wasomaji wa Kagera, Kigoma na Geita hawahitaji kukumbushwa, lakini wa Dar huenda wamesahau. Mwezi Julai, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari yao. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga. Serikali ilikuwa na hoja yake, kwani ujambazi wa silaha kwenye mapori ya huku ulikuwa umewachosha wananchi. Lakini kimbunga hakichagui. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mipaka mwaka ule, wakiwemo walioishi hapa miaka ishirini na zaidi, na Rwanda ikalazimika kufungua kambi ya muda Kiyanzi kuwapokea. Ndoa zilikatwa katikati kama muwa. Mume huyu alilala wiki tatu kwenye migomba ya mama mkwe wake, mke akimpelekea chakula gizani na mtoto wa kwanza mgongoni.

"Tangu hapo," dada aliniambia, "gari likisimama nje usiku, tunaamka wote wawili. Hatusemi kitu. Tunasikiliza tu mpaka liondoke."

Miaka zaidi ya kumi, jamani, watu wanalala hivyo! Tunapozungumzia afya ya akili tunafikiria yule anayeokota makopo barabarani, wakati nusu ya mtaa inaamka kwa mlio wa gari.

Wengi wameniuliza, kwani kuoa Mtanzania hakumpi mtu uraia? Kwa mwanaume, hapana. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo, inambidi apange foleni kama mgeni mwingine yeyote, na foleni hiyo inadai kwanza awe amekaa nchini kihalali. (Hilo wanawake wabunge nawaachia, mmenisikia.) Watoto wao wale watatu, waliozaliwa hapa na mama Mtanzania, ni raia, na mtu yeyote asiwatishe. Vyeti vyao vya kuzaliwa vya RITA vitunzwe kama dhahabu.

Kuhusu hifadhi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayekimbia ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie, kwa afisa aliyeidhinishwa au hata kwa mtendaji wa kijiji, na ombi lake lisikilizwe na kamati ya taifa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Tanzania imo, unasema mkimbizi aliyejitokeza mwenyewe kwa wakati asiadhibiwe kwa sababu tu aliingia bila kibali. Kwa mtu aliyevuka jana, mambo yako wazi kiasi. Kwa mtu aliyevuka akiwa na miaka saba, akatoka kambini bila ruhusa na kukaa kimya miaka mingi kwa hofu, mambo ni magumu, na mimi si mwanasheria wa kusema yataishaje.

Na msidhani haya ni ya mafundi lipu tu. Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti, mzaliwa wa Ngara, mtu aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Ilibidi aombe uraia kama mgeni ndipo akapewa. Kama yeye aliulizwa, wewe na mimi nani?

Hapa nitawakera kidogo. Karibu kila ukoo wa Bukoba una kijana aliyekwenda Ulaya "akajilipua", yaani akaomba ukimbizi kule, wakati mwingine kwa jina na nchi isiyo yake. Kijana huyo akishikwa Uingereza, ambako sheria haijaweka ukomo wa jumla wa siku mtu mzima anazoweza kuzuiliwa na uhamiaji, huku tunafunga na kusali, tunachanga pesa ya wakili, mama yake anaugua presha. Mrundi wa mtaa wa pili akishikwa tunasema sheria ichukue mkondo wake. Sisemi sheria isifanye kazi. Nasema mama wa yule kijana na dada huyu wa Buhembe wanaugua ugonjwa mmoja, na dawa zake zinafanana.

Ugonjwa wenyewe ni kungoja bila kujua. Mfungwa aliyehukumiwa mwaka mmoja anahesabu siku, kila jioni anakata moja. Huyu wa uhamiaji hana cha kuhesabu. Kesi imetajwa, imeahirishwa. Faili liko Dodoma, halipo Dodoma. Leo anaambiwa ataachiwa, kesho mwenzake mmoja anapelekwa mpakani. Akili ya binadamu inavumilia mabaya mengi, lakini isipojua mabaya yenyewe ni yapi wala yanaanza lini, inaanza kujitafuna. Kwanza usingizi unakwenda, kisha hamu ya kula, kisha mtu anaacha kuoga. Mwisho anaanza kuwaondoa watu wake mmoja mmoja. "Usije tena." Mke anadhani amekataliwa. Kumbe mara nyingi ni sonona inayosema kwa mdomo wa mume, inamwambia yeye ni mzigo na kwamba wote watapumua akitoweka.

Sasa sisi tunamwambiaje mtu wa namna hii? "Usiwaze." Hakuna neno la bure kama hilo! Asiwaze, aache kufikiria nini? Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na ndilo wanalolitumia kwa hali tunayoiita sonona. Mwaka 2006 daktari wa akili wa huko, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani jijini Harare wakae na wenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari la Marekani ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Na bibi hawasemi usiwaze. Wanamsaidia mtu ayataje matatizo yake yote, achague moja, wapange hatua moja ya kulishughulikia, kisha arudi kueleza imekwendaje.

Hicho ndicho tulichofanya pale uani, nikiwa mimi ndiye bibi, Mungu anisamehe. Nilimwambia ataje yote. Yalikuwa mengi, ada ya shule, kodi ya fremu ya cherehani, kaka zake, usiku, mume asiyekula. Tukachagua moja tu, karatasi. Mumewe anasema aliingia kama mkimbizi, je, ipo karatasi yoyote ya kuonyesha hivyo? Akasema hakuna. Halafu akanyamaza, kisu kikasimama. Akakumbuka kwamba mama mkwe, aliyefariki zamani, aliacha bati la biskuti kwa mama mmoja wa Muleba.

Siku tatu baadaye alinipigia kutoka Muleba. Ndani ya bati kulikuwa na rozari, picha moja iliyoliwa na mende, na kadi ya mgao wa chakula ya kambini yenye jina la mama na idadi ya watu wa kaya: wawili.

Tafadhali msinielewe vibaya, kadi haikufungua mlango wa gereza. Ila ilimpa msaidizi wa kisheria kitu cha kuanzia. (Hawa wasaidizi wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwa mwenye uhitaji huduma ni bure. Akikuambia toa kwanza laki mbili ya faili, kimbia.) Aliandika barua kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kuomba kumbukumbu za kambi zitafutwe. Sasa ukimuuliza dada huyu mumewe anangoja nini, ana jibu. Anangoja majibu ya barua fulani ya tarehe fulani. Bado ni kungoja, lakini kuna mahali pa kushika.

Walitengeneza pia orodha ya miaka. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiungua akiwa na miaka saba hakumbuki kwa mpangilio. Leo atasema aliingia mwezi wa kumi, kesho atasema wa kumi na mbili, na anayemhoji ataandika "anajichanganya". Kosa ni kumlazimisha akumbuke tarehe. Msaidieni akumbuke kwa matukio. Siku MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, ulikuwa wapi? Kambini, tuliwaona watu wazima wanalia redioni. Mvua za El Niño? Kambini, paa lilivuja. Tetemeko la Septemba 10, 2016? Hapo uso wake ulibadilika, mkewe anasema, ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu ashikwe. Baada ya tetemeko lile fundi huyu alikuwa na kazi miezi mingi mfululizo. Nusu ya kuta za majirani zilizopasuka zimeshikwa na mikono yake. Mwenyekiti wa mtaa anamjua, mapadri wanamjua. Watu hao wanaweza kuandika na kuweka sahihi kwamba mtu huyu tumeishi naye tangu mwaka fulani. Waende wakaombwe, wengi wanaogopa mpaka waombwe kwa adabu.

Ila asisimulishwe upya kila siku. Nimegundua ndugu wakienda kumwona mtu mahabusu wanamgeuza mpelelezi wa maisha yake, hebu tuambie tena, ilikuwaje mkavuka, mama yako walimfanya nini. Dakika ni chache. Habari ile iandikwe mara moja, kwa utaratibu, na mtu mmoja anayemwamini. Siku nyingine peleka habari za nyumbani. Mbuzi kazaa. Jirani kagombana na mkewe kwa sababu ya senene. Mtu anahitaji kujua kuwa dunia anayoirudia ipo.

Kuna jambo moja niliona aibu kumuuliza kwa simu nikamuuliza uso kwa uso: mumeo ameshasema anataka kufa? Akashtuka, "Mae waitu, dada, nitamuulizaje hivyo, si nitampa wazo?" Hapana, mpenzi. Wataalamu wa afya ya akili wanasisitiza kwamba kuuliza waziwazi hakumpi mtu wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Muulize kwa upole na kwa maneno ya kawaida. Akisema ndiyo, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga aga, usiondoke na siri hiyo. Mwambie askari magereza wa zamu, omba aonwe na mganga wa gereza, na omba apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa. Kliniki ya afya ya akili si ya "vichaa", ni ya watu walioacha kulala.

Na wewe mke, unalala? Hili alilikwepa. Akazungumzia watoto, akazungumzia cherehani, mpaka nikarudia mara ya tatu. Halali. Anashona mpaka saa nane usiku kwa sababu mashine ikinyamaza ndipo anasikia magari. Nilimwambia aende kliniki yeye kwanza, kabla ya mume, kwa kuwa yeye anaweza kutembea kwenda. Alikwenda Jumatatu iliyofuata na shangazi yake, ambaye aliambiwa wanakwenda kupima macho.

Sasa swali lake. Je, amtii?

Hapana. Walau si sasa. Mtu asiyelala wiki tisa hapaswi kuuza hata baiskeli, sembuse kuvunja ndoa. Mwambie hivi: nimesikia, na nitalijibu siku utakapokuwa umelala na kula, siyo leo. Usimgombeze, usimlilie akuapie. Kisha rudi siku ya kutembelea kama kawaida. Akikataa kutoka kuja kukuona, mwachie chakula na ujumbe kama utaratibu unaruhusu, wiki ijayo rudi tena.

Sitakudanganya, dada. Anaweza kurudishwa Burundi, nchi aliyoiacha akiwa na miaka saba. Anaweza kukubaliwa kuwa mkimbizi na bado apelekwe kambini Kigoma, maana sheria inawataka wakimbizi waishi maeneo waliyotengewa, na kutoka humo ni kwa kibali. Huko nyuma nchi hii imewahi kufungua mlango mpana, mwaka 2014 ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, lakini mlango ule haukuwa wa waliokuja 1993. Ikifika huko utakuwa na uamuzi mzito wa kufanya, na sitakuwa wa kwanza kukuhukumu ukiamua kubaki Buhembe na watoto wako. Lakini uufanye wewe, ukiwa na taarifa zote. Usifanyiwe na kaka zako kikaoni, wala na sonona ya mume wako.

Lililobaki ni watoto. Mdogo aliambiwa baba yuko Biharamulo anajenga nyumba kubwa sana. Mkubwa ana miaka kumi na miwili, shuleni wameshamwambia baba yake ni "haramu". Mtoto wa umri huo akifichwa atajaza mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi, na atakayoijaza ni mabaya kuliko ukweli. Mama yake alimwambia Jumapili baada ya misa, kwamba baba hakufanya ubaya kwa mtu, ana shida ya karatasi, na watu wanamsaidia. Mtoto aliuliza maswali mawili tu, kama baba anapigwa, na kama anaweza kumwandikia. La kwanza mama alijibu kwamba anamwona kila wiki na hajamwona na jeraha. La pili waliuliza, wakaruhusiwa, barua inasomwa kwanza na askari. Mtoto aliandika ukurasa mzima kuhusu mpira.

Juzi dada amenitumia meseji. Mume ameanza kula, siyo sana. Hajarudia yale maneno ya kuolewa. Kesi inatajwa tena tarehe 14, na kaka mkubwa, yuleyule aliyeita kikao, amesema siku hiyo atafunga duka aende naye mahakamani. Ukuta wa duka hilo ulipasuka mwaka 2016, na aliyeuziba ni shemeji yake.